Mchi wa Bi. Mtumwa

Nilikwenda kwenye hitima ya Bi. Zuwena nikala sahani mbili za pilau, na ya pili niliiomba mwenyewe. Mtu asije akadhani nilitoka Mwanakwerekwe, na magoti yangu haya, kwa ajili ya kumlilia. Nilikwenda kuhakikisha kuwa kweli kafa. Kwa zaidi ya miaka khamsini nilimwombea umri mrefu kila nilipomkumbuka, na dua ile haikuwa ya mapenzi. Sikutaka aondoke duniani kabla ya kutamka neno moja mbele yangu, neno la silabi nne tu, ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza angelitamka bila ya kusaidiwa. Akaondoka nalo. Basi nilikaa juu ya mkeka wao, nikala pilau yao, nikaomba achari, na nafsi yangu ikiniambia: kula, Mwanaidi, hawa waliwahi kukurudishieni chakula chenu.

Nilipokwisha kunawa akaja kukaa karibu yangu mjukuu wake, Raya, mwanamke wa makamo ambaye kazi yake, nilisikia, ni mambo ya makumbusho, kama aliyoyafanya bibi yake zamani. "Shikamoo Bibi." Nikamwitikia marahaba. "Wewe ndiye Bi. Mwanaidi, uliyekuwa na mwandiko mzuri?" Nikamwambia mwandiko ninao, uzuri wake waulizwe wengine. Akanipakatisha kopo la biskuti lililoshika kutu. "Bibi aliusia upewe wewe, akishazikwa." Akishazikwa! Hata hapo alichagua wakati ambao siwezi kumjibu. Sikulifungua. Nilililaza mapajani, na harufu yake ya karatasi kongwe na karafuu ikanirudisha Malindi ya Unguja, kwenye mwaka ule ambao tangu hapo sijapata kumwamini mtu anayeniambia kwamba neno ni neno tu.

Ilikuwa katika miaka ya khamsini, kabla siasa hazijatufikisha mahala pa kuulizana chama kwanza ndipo tununuliane chumvi. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nasomea ualimu, na mwaka ule nilipelekwa kumsaidia mwalimu wetu, Bi. Zuwena, katika chumba cha makumbusho ambacho skuli yetu ilikuwa imeazimwa, ghorofa ya pili ya nyumba moja kongwe, juu ya ghala la karafuu. Ngazi zake zilikuwa na giza mchana kutwa, ukipanda unashika ukuta na chokaa inakuganda viganjani. Ndani kulikuwa na madirisha matatu ya kutazama bandarini, na sauti za wachukuzi zilituingilia mpaka wakati mwingine Bi. Zuwena husimama katikati ya sentensi akawangojea wamalize kupokezana magunia. Wazo la chumba kile lilikuwa zuri, nalisema ingawa ulimi unakataa. Kila mwanafunzi wa ualimu alitakiwa alete kitu kimoja kilichovuka bahari na wazee wake, na kila Jumatano watoto wa skuli mbalimbali walikuja kuvishika vitu vile, wakakisia vimetoka wapi, kisha wakasoma kadi. Kulikuwa na mizani ya sonara, kofia ya Kingazija, mkasi wa fundi cherehani wa Kigoa, sanduku lililopigwa njumu za shaba, jembe, kinanda kilichokatika nyuzi. Kadi niliziandika mimi zote, kwa wino mweusi, kwa kuwa darasa zima walikubali kuwa sina mpinzani katika mwandiko. Nilikuwa najivuna. Nyumbani nilikuwa naandika hewani kwa kidole.

Chumba kile kilikuwa na pande mbili. Ukiingia, kuliani, kulibandikwa kibao cha "Waliokuja". Kushotoni, karibu na mlango wa kwendea msalani, kulikuwa na kibao cha "Walioletwa". Katika daftari la sarufi tofauti yake ni ndogo: moja kauli ya kutenda, ya pili kauli ya kutendwa. Katika chumba kile tofauti yake ilikuwa ni upande unaoingia upepo na upande usioingia. Upande wa kulia palikuwa na kitu cha Bi. Zuwena mwenyewe, nacho ndicho kilichowekwa mbele ya vyote juu ya kitambaa cha hariri: dele la shaba la kahawa, lenye mdomo mrefu, na kadi yake ilisema, "Dele la Bi. Zamzam. Alikuja kutoka Maskati." Bi. Zamzam alikuwa bibi yake mzaa mama, marehemu siku nyingi. Bi. Zuwena akilipangusa dele lile kila asubuhi kwa ndimu na jivu, mwenyewe, hakumruhusu mtu.

Mimi nilileta mchi wa bibi yangu. Nilitoka nao kwetu Ng'ambo, upande wa pili wa mji, nimeuweka begani, mchi wa mpingo, mzito, katikati umeliwa na viganja mpaka umekuwa na kiuno. Bibi yangu akiuza vitumbua, na mchi ule ndio aliokuwa akitwangia mchele uliorowekwa tangu alipokuwa msichana. Kuutoa ilikuwa kazi. "Sasa mimi n'tatwangia nini, mke mwenzangu?" aliniuliza, akiniita mke mwenzake kwa utani, kama mabibi wote. Nikamwambia aazime kwa jirani, ni wiki chache tu. Akaupangusa kwa kanga, akanipa, na nilipofika mlangoni akaniita tena. "Waambie nilikuja nao mwenyewe. Nilipanda chombo Bagamoyo, mchi huu begani, kuja kuchuma karafuu. Utumwa ulikuwa ushapigwa marufuku. Waambie hivyo." Nikamwambia nitawaambia.

Bi. Zuwena alikuwa amekaa mezani, miwani puani, buibui lake limetundikwa msumarini, linanuka udi. Aliushika mchi kwa ncha za vidole. "Wa nani?" Nikasema wa bibi yangu. "Jina lake?" Nikasema Mtumwa binti Ali. Akanitazama juu ya miwani, akacheka puani. "Basi jina linajisema. Andika: Mchi wa Bi. Mtumwa. Aliletwa kutoka bara." Nikamwambia, "Mwalimu, bibi yangu alikuja." Akasema, "Mwanaidi, nnakusomesha au unanisomesha? Andika."

Hapa lazima nisimame, kwa sababu kuna watu watasema alikosea tu. Hakukosea. Angekuwa Mzungu ningemsamehe. Lakini mtoto wa mjini, aliyezaliwa na kukulia Unguja, hajui kuwa Mtumwa ni jina? Hajui kuwa mama aliyezika watoto watatu humwita wa nne Mtumwa, au Tabu, au Shida, ili hasadi imuone hana thamani na impite? Katika nyumba za mawe alizokuwa akiingia na kutoka zilikuwamo Mtumwa wangapi, wenye bangili za dhahabu mpaka viwikoni, na hakuna aliyewauliza kama waliletwa! Alijua. Alijua na akaona bibi yangu wa Ng'ambo hastahiki jina lake kuchukuliwa kama jina. Na mimi, kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Niliandika. A kubwa ilinitoka nzuri sana, yenye mkia. Hilo ndilo ambalo sijapata kulisamehe, kwake wala kwangu.

Wiki chache zikawa miezi. Kila Jumatano watoto walipanga mstari mbele ya mchi, mmoja akasoma kadi kwa sauti, na mimi nikaeleza. Kila Jumatano nilimtia bibi yangu utumwani upya, kisha nikarudi nyumbani nikala vitumbua vyake, ambavyo sasa havikuwa laini kama zamani, maana mchi wa jirani ulikuwa mwepesi na mchele ukibaki na chenga. Wateja walianza kunung'unika. "Kadi yangu imeandikwaje?" Bibi akiniuliza kila mara, hakujua kusoma hati hizi za kizungu, alisoma msahafu tu. Nami nikimwambia: "Imeandikwa, Bi. Mtumwa alikuja." Akifurahi. Akinongonezea majirani. Saa za chakula mchana nilikuwa nakaa kwenye ngazi, Bi. Zuwena na shoga yake, mwalimu wa darasa la pili, wakila ndani nyuma ya kabati, na sauti zao zilinifikia pamoja na harufu ya samaki wao wa kupaka. "Siku hizi kila mtu ana asili," alisema siku moja shoga yake. Bi. Zuwena akamjibu, "Waache, shoga. Wametoka bara jana na mchi begani, leo wanataka kadi." Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nilitamani apaliwe zaidi.

Bibi akaja mwenyewe. Hakunambia. Jumatano moja nimesimama na watoto wa kike wa darasa la tatu, namwona huyo mlangoni, anahema kwa ngazi, kapu la vitumbua mkononi kwa ajili ya watoto. Aliusogelea mchi wake, akauwekea kiganja pale kiunoni pake. Kitoto kimoja kilichokuwa mbele, chenye kupenda kusifiwa, hakikungoja kuambiwa, kikasoma kwa sauti ya juu: "Mchi wa Bi. Mtumwa. Aliletwa kutoka bara." Bibi akakiomba kisome tena. Kikasoma tena, kwa sauti zaidi. Hakunitazama. Aligawa vitumbua vyake kimoja kimoja, akakunja kitambaa cha kapu, akateremka.

Jioni ile nilimkuta jikoni anapika muhogo kwa papa. Nilikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi nikalia. Akaniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akanipakulia. "Kula," alisema. "Kuletwa si aibu ya aliyeletwa, ni aibu ya aliyeleta. Linaloniuma ni kuwa mimi nilikuja, na wewe ulijua." Tukala. Halafu akaanza kucheka peke yake, kicheko kibaya. Nikamuuliza nini. "Zuwena huyo," alisema, "mjukuu wa Zamzam! Maskati gani? Zamzam kaletwa hapa mtoto, katolewa Nyasa, hata jino la pili halijamtoka. Akawa suria wa bwana mwenye nyumba ile ya mawe ya kina Zuwena, akamzalia. Lile dele ndilo alilokuwa akimpikia kahawa. Nilipoteremka chomboni sina mtu wala pa kulala, yeye ndiye aliyenifungulia mlango wa nyuma akanipa wali. Mambo yote haya kanihadithia mwenyewe, mimi na yeye, tukitwanga kwa mchi ule ule." Kisha akakumbuka nani yuko mbele yake. Akaninyooshea kidole chenye nazi. "Siri ya mtungi aijuaye kata. Haya ya jikoni, yabaki jikoni." Nikamwambia, naam Bibi.

Niliitunza ahadi ile siku tisa. Siku ya kumi walialikwa akina mama wa mjini kuja kukitazama chumba. Nilifika asubuhi kabla ya mtu yeyote, nikakaa mezani pa Bi. Zuwena, nikaandika kadi mbili mpya kwa wino ule ule na mwandiko ule ule. Sikuzua kitu. Niliyahamisha maneno mawili tu, kila moja nikalipeleka kwa mwenyewe, na mengine nikayatia kama Bibi alivyoyahadithia. Nilijiambia mkuki kwa nguruwe mtamu, leo tutaona kwa binadamu.

Walijaa wanawake kiasi cha thelathini, wamefunua nyuso, wanajipepea, kahawa na halua zinapitishwa. Mama yake Bi. Zuwena alikaa mbele kabisa. Wengi wao hawakusoma hati za kizungu, kwa hiyo Bi. Zuwena alipita kitu kwa kitu, upande wa kulia tu, akiwasomea kadi kwa ile sauti yake ya kupanda na kushuka, na mimi nyuma yake nashika fimbo ya kuonyeshea. Dele aliliweka la mwisho, kama mtu anayebakisha mnofu. Alikuwa ameisoma kadi ile mara nyingi mpaka hakuwa akiitazama tena kwa akili, anaitazama kwa macho tu. "Dele la Bi. Zamzam," alisoma. "Aliletwa kutoka Nyasa, akiwa mtoto." Neno lilimtoka lote, na sauti yake nzuri, kabla masikio yake hayajalisikia. Vipepeo vya mikononi vikasimama. Mmoja akauliza jirani yake, "Kasemaje?" na jirani akamrudilia, tena kwa utamu. Niliona shingo ya Bi. Zuwena inabadilika rangi kuanzia chini kupanda juu, nami nilifurahi. Nasema kweli, sijapata furaha kama ile, hata siku ya harusi yangu. Kisha nikamtazama mama yake. Mama yule aliweka kikombe chini taratibu, akauteremsha ushungi, na usoni mwake hapakuwa na hasira. Alikuwa ametajiwa mama yake. Akainuka akatoka, na wote wakamfuata.

"Kamata vitu vyako," Bi. Zuwena aliniambia tulipobaki wawili. Hakupiga kelele. Kwenye ripoti yangu aliandika kuwa sina adabu na sifai kusomesha, ndiyo maana nilianzia kazi katika skuli ya mbali ya shamba ambako hakuna aliyetaka kwenda. Nilichukua mchi wangu. Nilipopita nao Darajani, begani, wauza ndimu wakanitania: "We binti, unakwenda kumtwanga nani?" Nikawajibu, "Nshamtwanga!" Wakacheka, nami nikacheka, nikaenda mpaka nyumbani nacheka.

Bibi alikuwa ameshasikia. Habari za mjini hufika Ng'ambo kabla ya mwenyewe. Nilimwekea mchi miguuni. Hakuugusa. "Umemvua nguo maiti," alisema. Nikajitetea: nimesema kweli, aliletwa au hakuletwa? "Kaletwa. Lakini wewe umelisema kama tusi, kama yule alivyolisema kwangu. Sasa wewe na Zuwena mna tofauti gani?" Hadi leo jibu ninalolipata usiku hunitoka asubuhi. Siku ya pili alitwanga kwa mchi wake, akapika vitumbua laini kama vya zamani, akavipanga kwenye sahani, akavifunika kawa, akaenda nyumba ile ya mawe kwa mlango wa nyuma kuomba radhi ambayo haikuwa yake. Sahani ilirudi jioni na mtumishi, kawa juu, vitumbua kumi na viwili kama vilivyokwenda. Kwetu sahani ya watu hairudishwi tupu, hutiwa japo chumvi. Kurudishiwa chakula chako chenyewe ni kutukanwa. Bibi alivitazama, akawapa kuku, na kwa siku arubaini hakuniita mke mwenzake. Kwa Bi. Zamzam najuta, Mungu anajua. Kwa vitumbua vile sijuti na wala sisamehi.

Baada ya hapo nilikutana na Bi. Zuwena mara nyingi, mji wenyewe huu. Mapinduzi yalitupita sote, akastaafu, nikastaafu. Tukipishana sokoni akinipa kichwa badala ya salamu, nikimpa kichwa. Nilikuwa nasubiri neno langu.

Basi nikalifungua kopo pale pale mkekani, mbele ya Raya. Ndani mlikuwa na kadi mbili. Ya kwanza ilikuwa ile niliyoiandika asubuhi ile ya wageni, ya dele. Nilitegemea kuikuta imechanwa. Ilikuwa nzima, na pembeni mwa neno "Aliletwa" palikuwa na alama ya wino mwekundu, ile ya mwalimu, ya sahihi. Ya pili ilikuwa kadi ya zamani ya mchi, niliyoandikishwa. "Aliletwa" ilikatwa kwa mstari mmoja mwekundu ulionyooka, na juu yake, kwa mwandiko wake, "Alikuja". Wino ulikuwa umepauka mpaka umefanana na kutu ya kopo. Si wino wa mwaka huu wala wa mwaka jana.

Moyo uliniruka, sikatai. Kisha hasira ikaukamata. Alijua! Miaka yote ile akinipa kichwa sokoni, kadi imeshasahihishwa, imefungiwa ndani ya kopo, na bibi yangu yuko kaburini hajaisikia. Ile ya dele ilisomwa mbele ya watu thelathini, na hii ikasahihishwa chumbani, mlango umefungwa. Nikamsomea Fatiha Bi. Zamzam. Yeye peke yake.

"Bibi," Raya alisema polepole, "nnataka kukifungua tena kile chumba. Na mchi, bado upo?"

"Upo kwangu, unatwanga. Hautoki," nilimwambia. "Kadi chukua. Zibandike kama zilivyo, na wino wake, watoto wazisome kwa sauti. Lakini kwanza nipe kalamu nyekundu."

Akapekua mkoba wake, akanipa. Niliitandika kadi ya mchi juu ya kifuniko cha kopo, na chini ya neno lake, kwa mwandiko wangu ule ule, nikaandika kama nilivyowaandikia watoto maisha yangu yote: "Sahihi, lakini umechelewa." Nikatia saini yangu. Alama sikumpa.